Mtaro wa Uyole: Kisa cha Kazi Iliyolipwa kwa Mita

Kisa hiki kilitokea Uyole, upande wa mashariki wa Jiji la Mbeya, mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimekolea. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kulaza bomba la majitaka lenye urefu wa mita 140 kutoka kwenye majengo matatu mapya ya kupangisha hadi kwenye karo la pamoja lililojengwa bondeni. Bomba la majitaka hutegemea mteremko ili maji yaende yenyewe, na ardhi katikati ya njia hiyo ilikuwa imeinuka. Kwa hiyo mtaro ulioanza na kina cha mita moja uliendelea kushuka hadi kufikia mita mbili na robo kwenye mwinuko, huku upana wake ukibaki sentimita 70 tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye majengo alimpa kazi mkandarasi mdogo, mkandarasi akamkabidhi uchimbaji kiongozi wa kikundi cha vibarua, na kiongozi huyo akawalipa wenzake kwa mita. Mimi nilikuwa fundi sanifu niliyewekwa na upande wa mwenye majengo kupima kazi na kusaini malipo. Sitataja jina la mtu wala la kampuni, lakini nafasi yangu sitaificha, kwa sababu sehemu ya kosa ilipitia kwenye karatasi niliyokuwa nikiisaini mwenyewe kila jioni.

Udongo wa eneo lile unahitaji kuelezwa kabla ya jambo lingine lolote. Ardhi ya Uyole na vitongoji vyake imejengwa kwa tabaka za majivu na mawe mepesi yaliyotemwa zamani na volkano za milima ya Rungwe na Ngozi. Mawe hayo ni mepesi kiasi kwamba ukiyatia kwenye ndoo ya maji yanaelea, na watoto huyachezea. Ukichimba wakati wa kiangazi, ukuta wa shimo husimama wima kama umekatwa kwa kisu, na unaweza kusimama hivyo kwa miezi. Hapo ndipo wachimbaji wengi wa Mbeya walipopata imani yao: wamechimba mashimo ya vyoo na ya karo tangu ujana, wameona kuta zikisimama, na wanajua kwamba udongo huu ni rahisi kwa sululu na mwepesi kwenye beleshi. Kinachoushikilia ukuta huo, hata hivyo, ni unyevu mdogo uliomo kati ya chembe za majivu, unaozivuta chembe hizo zishikamane. Maji yakizidi na kujaza nafasi zote, mvuto huo hutoweka, na ukuta uliosimama jana kama tofali huteremka leo kama unga. Tena wepesi wake ni wa wakati wa ukavu. Mita moja ya ujazo ya udongo ule ikilowa haipungui tani moja.

Siku ya ajali

Mvua kubwa ilinyesha usiku, ikakatika alfajiri. Kulipopambazuka jua lilikuwa limetoka, na kila mtu alifurahi kwa sababu siku mbili zilizotangulia kazi ilikuwa imesimama. Udongo uliochimbwa ulikuwa umerundikwa upande mmoja wa mtaro, ukingoni kabisa, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na uzio wa jirani. Rundo hilo lilikuwa na kimo cha kiuno cha mtu na lilikuwa limenyonya maji usiku kucha.

Mchimbaji mmoja mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye hata fomeni wa mkandarasi alimwita Mzee, alitembea kando ya mtaro kabla ya saa mbili na kuona ufa. Nami nimeuona kwa macho yangu baadaye, kwenye sehemu ambayo haikuanguka: ufa mwembamba, upana wa kidole kidogo, uliofuata mtaro sambamba kwa hatua nne au tano, kama nusu mita kutoka ukingoni, ukipita chini ya rundo la udongo na kutokea upande wa pili. Mzee alimwendea fomeni akamwambia, "Mkubwa, pale udongo umeachia." Fomeni akamjibu kwa adabu tu: "Mzee wangu, zimebaki mita sita za kipande hiki, na bomba linashuka mchana." Hakuna aliyegomba. Vijana wawili walishuka kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, kwa kuwa ngazi haikuwepo.

Saa tatu na robo kipande cha ukuta, kwa makadirio yangu urefu wa mita tatu, kimo cha mita mbili na unene wa sentimita arobaini, kiliachia mahali pa ule ufa. Hiyo ni zaidi ya mita mbili za ujazo, yaani zaidi ya tani mbili, bila kuhesabu rundo lililokuwa juu yake. Hakukuwa na kishindo. Wote waliokuwa karibu wanasema walisikia sauti kama ya gunia la mahindi linapotuliwa chini. Kijana mmoja alikuwa mbele, akaruka. Wa pili, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa ameinama kusawazisha sakafu ya mtaro. Alipojaribu kusimama, udongo ulimkamata hadi kifuani, mkono mmoja ukiwa ndani.

Kwa kuwa kichwa chake kilikuwa nje, wengi tulidhani hatari imepita, ilhali ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa akiwa anatazamana na wenzake. Kila anapotoa pumzi kifua hunywea, na udongo hujaza nafasi iliyoachwa. Anapotaka kuvuta pumzi, mbavu hazina tena mahali pa kupanukia. Nilishuhudia jambo hilo. Mwanzoni alikuwa akipiga kelele, halafu akawa anasema maneno mawili mawili, kisha akanyamaza na kutikisa kichwa tu, midomo ikibadilika rangi.

Yaliyofuata yangeweza kuua wengine. Watu wapatao thelathini walikimbilia ukingoni, wakauongezea uzito ukuta uliokuwa umekwisha kupasuka. Mmoja alirukia ndani. Wengine walipitisha kamba chini ya kwapa za kijana wakaanza kuvuta, ingawa mtu aliyeshikwa miguu na tani za udongo havutiki, ila huachanishwa viungo. Mwingine alikwenda kuita kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilichokuwa kikifanya kazi jirani, na mtikisiko wake peke yake ungetosha kuangusha upande uliobaki. Aliyeokoa hali ni Mzee. Aliwafukuza watu ukingoni kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akaamuru mbao za zege zilazwe pande zote mbili ili uzito utawanyike, akashusha mbao mbili wima mbele na nyuma ya kijana na kuzibana kwa mirunda, ndipo watu wawili tu wakaanza kuchota udongo kwa mikono na kwa sahani za mama lishe, kuanzia kifuani kwenda chini. Kifua kikawa huru ndani ya dakika saba au nane. Miguu ilichukua dakika kumi na nane zaidi. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tuliipiga dakika ya kumi na tano, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo kichwani. Waokoaji walifika wakati tunauachilia mguu wa pili. Kijana alikuwa amevunjika nyonga na paja. Alipona, lakini hakufanya kazi yoyote kwa miezi mitano, na karai la zege halibebi tena.

Neno uzembe

Katika kikao cha jioni neno la kwanza lililotajwa lilikuwa uzembe. Ilisemwa kwamba kijana hakuwa makini, kwamba hakuvaa kofia ngumu, na kwamba fomeni alipuuza onyo. Jambo la tatu ni kweli. La pili ni kweli pia, ila kofia ngumu haizuii tani mbili za udongo kubana kifua, na ilinisikitisha kuona jinsi ukosefu wa kofia unavyopewa nafasi ya sababu kwa kuwa ndio unaoonekana kwa urahisi. La kwanza halina maana yoyote: mtu aliyeinama ndani ya mtaro wenye upana wa sentimita 70 hana pa kukimbilia hata awe makini namna gani.

Nilitumia siku tatu nikizipitia karatasi za kazi, na jibu nililolipata halikuwa tabia ya mtu. Bei ilikuwa shilingi 12,000 kwa mita moja ya mtaro, kina chochote. Mwanzoni, mtaro ukiwa na kina cha mita moja, watu wanne waliweza kumaliza mita kumi kwa siku, wakagawana shilingi 120,000. Kina kilipofika mita mbili na robo, walewale wanne wakifanya kazi mpaka jua linazama walimaliza mita tano, wakagawana 60,000. Kwa hiyo kadiri mtaro ulivyozidi kuwa wa hatari, ndivyo kila dakika ilivyozidi kuwa ghali kwa aliyekuwa ndani yake. Siku mbili za mvua zilikuwa siku mbili bila chakula cha kupeleka nyumbani. Kupeleka udongo mita moja mbali na ukingo ni kuurusha mara mbili, na mrusho wa pili hakuna aliyeulipia. Kutengeneza ngazi ni nusu saa isiyo na mita. Kubana kuta kwa mbao na mirunda ni robo ya siku isiyo na mita. Hata jibu la fomeni kwa Mzee, ukilisikiliza vizuri, lilitolewa kwa kipimo kilekile: zimebaki mita sita.

Nikafika kwenye karatasi yangu mwenyewe. Ilikuwa na safu nne: tarehe, urefu, kina na upana. Kila jioni nilishika futikamba, nikapima, nikaandika, nikasaini. Nilipita kando ya rundo lile la udongo kwa jioni tisa mfululizo, na kwa kuwa karatasi haikuniuliza habari zake, sikuziandika. Upana nilikuwa naupima kwa ukali ili mwenye majengo asilipie udongo wa ziada, jambo lililowafanya wachimbaji waishike sentimita 70 na kuziacha kuta wima kabisa. Nilidhani natunza fedha za mwajiri wangu.

Wapo waliouliza kwa nini kuta hazikulazwa mteremko, kama vitabu vinavyoshauri. Hesabu inajibu. Mtaro wenye kina cha mita mbili na robo na upana wa sentimita 70, ukilazwa pande zote mbili kwa nyuzi 45, unakuwa na upana wa mita tano na sentimita ishirini juu, na udongo wa kuchimbwa kwa kila mita unapanda kutoka mita za ujazo 1.6 hadi 6.6, yaani mara nne na zaidi. Uzio wa jirani ulikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Mahali kama pale, njia inayowezekana ni kukinga kuta, na mtu asiyeweka gharama ya kukinga kwenye mchanganuo wake ameamua tayari kwamba kuta hazitakingwa, hata kama mkataba wake una kurasa mbili za maneno mazuri kuhusu usalama. Mkataba wetu ulikuwa nazo.

Nani ni mfanyakazi wa nani

Sehemu hii naieleza kwa sababu ndiyo iliyomuumiza kijana kwa muda mrefu kuliko mfupa. Mkandarasi alikuwa amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, na alikuwa akichangia kwa ajili ya watumishi wake watano wa kudumu. Wachimbaji hawakuwemo. Alisema hao si wafanyakazi wake bali ni watu wa kiongozi wa kikundi. Kiongozi naye akasema yeye ni kibarua kama wengine, hana ofisi wala muhuri. Kwa wiki mbili kijana alilala wodini huku wenzake wakipitisha daftari la michango na mwenye majengo akilipa dawa kwa hisani yake.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, haikuacha pengo hilo. Kifungu chake cha 61 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kuna hata moja kati ya mambo kadhaa yaliyotajwa humo, kama vile namna anavyofanya kazi kuongozwa na mtu mwingine, saa zake za kazi kupangwa na mtu mwingine, au kupewa na mtu huyo vifaa vya kazi. Wachimbaji wetu waliingia saa moja na kutoka jioni kwa amri ya fomeni wa mkandarasi, na masululu na mabeleshi yalitoka stoo ya mkandarasi. Mkandarasi alipooneshwa mambo hayo kwa maandishi, na kuelezwa kwamba mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri wala haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi, alikubali kutoa taarifa ya ajali kama mwajiri. Matibabu yakaanza kulipwa na Mfuko, pamoja na malipo ya muda ambao kijana hakuweza kufanya kazi. Simlaumu kupita kiasi mkandarasi yule. Alirithi mazoea ambayo wengi wetu huku nyanda za juu tumekulia ndani yake, ya kuhesabu kibarua kama sehemu ya bei ya kazi.

Naye Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao una ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, hakuwa na habari ya eneo lile, kwa sababu hakuna aliyelisajili kama Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inavyodai. Kila upande ulidhani kazi ya bomba la mita 140 ni ndogo mno kusajiliwa.

Mita 48 zilizobaki

Kazi ilisimama siku kumi na moja. Ilipoanza tena zilikuwa zimebaki mita 48, zote zenye kina kirefu, na niliomba mambo mawili tu kwa mwenye majengo: bei ibadilike na karatasi ibadilike.

Bei iligawanywa. Mtaro usiozidi mita 1.2 ulibaki na bei yake, na wenye kina zaidi ya hapo ukapewa bei ya juu zaidi, na juu yake mstari wa pekee ulioandikwa "kukinga kuta", shilingi 4,000 kwa mita. Marekani kanuni za tangu mwaka 1989 zinadai kinga kuanzia futi 5, kama mita moja na nusu, na udongo usogezwe angalau futi 2 kutoka ukingoni. Sisi tulishuka hadi mita 1.2 kwa sababu anayelaza bomba hafanyi kazi akiwa wima: hupiga magoti au kuinama, na kwenye kimo hicho kichwa chake kiko chini ya ukingo.

Mbao hazikuwa tatizo. Mabanzi na mirunda kutoka mashamba ya miti ya Mufindi hupita Uyole kila siku kwenye malori, na tulinunua vya kutosha kukinga mita kumi na mbili kwa wakati mmoja, kwa shilingi 380,000, tukavihamisha kadiri kazi ilivyosonga. Ukijumlisha na mstari ule mpya, shilingi 192,000, kinga yote ya mita 48 iligharimu 572,000. Mabanzi yalisimamishwa wima bila kuachiana nafasi kubwa, kwa kuwa udongo ule huchuruzika kwenye mianya; mbao ndefu zikalazwa juu yake; mirunda ikakatwa na kubanwa katikati kwa kabari. Mzee alishikilia kanuni moja ambayo hakuifunza chuoni na ambayo ni sahihi kabisa: kinga huanza kufungwa juu, na anayefunga husimama mahali palipokwisha kukingwa; na wakati wa kufukia, kinga huanza kufunguliwa chini, udongo ukipanda pamoja nayo. Ngazi mbili za mirunda ziliwekwa, moja kila upande wa wanaofanya kazi, na namba 114 ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa stoo.

Karatasi yangu iliongezwa safu tatu: umbali wa udongo kutoka ukingoni, hali ya kinga, na jina la aliyekagua asubuhi. Jina hilo lilikuwa la Mzee. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba akisema watu wasishuke hawashuki, na kwamba saa zitakazopotea kwa neno lake zinalipwa kama kazi ya kutwa. Fomeni ndiye aliyependekeza sharti la malipo, na ninamheshimu kwa hilo, kwani aliona mapema kuliko mimi kwamba bila sharti hilo vijana wenyewe wangemsihi Mzee anyamaze.

Alikuwa na namna yake ya kukagua. Alitembea juu ya mtaro akiwa na nyundo, akigonga kila mrunda mara moja na kusikiliza. Uliobana vizuri ulilia kwa sauti kavu ya juu, uliolegea ulitoa sauti nzito iliyokatika. Siku ya mwisho ya uchimbaji, baada ya mvua nyingine ya usiku, mirunda mitatu ilitoa sauti nzito. Iliongezwa kabari, banzi moja lililopinda likabadilishwa, na watu walishuka saa tatu badala ya saa moja. Jioni nilipima mita nne na nusu, na chini yake nikaandika saa mbili za kusubiri kwa watu wanne, nikasaini.